Sauti zimenyamaza, ila utani haumwingii

SWALI: Assalaam alaykum, Bi Nesi. Mdogo wangu ana miaka 21. Mwaka jana, akisoma Unguja, alianza kusikia sauti zikimtukana na kudai wenzake wa dakhalia wanamtilia kitu chakulani. Tulianza kwa mganga, tukaishia hospitali. Alhamdulillahi, dawa zimemkubali na sauti hazisikii tena. Lakini siye yule tuliyemjua. Jirani alikuwa anakula barazani, akampa "karibu" ya kawaida ya mpita njia. Yeye akanawa, akaketi, akala mpaka sahani ikawa tupu. Vijana wakicheka mambo yao, yeye hunyanyuka akarudi nyumbani akisema anachekwa yeye. Mama yetu mdogo kafiwa na mumewe. Siku ya pili tu akaulizwa na mdogo wangu ile simu ya marehemu atapewa nani. Baba anasema ni jeuri. Je, tuombe dawa ziongezwe? Tumzuie barazani?
Dada mtu, Wete

JIBU: Waalaykum salaam, mwanangu. Hilo la simu limenisikitisha na, Mungu anisamehe, limenichekesha pia. Visa vya namna hii niliviletewa sana nilipokuwa nauguza wagonjwa wa akili, na kwa kawaida vilikuja sauti zikishanyamaza, wakati nyumbani wameshaanza kumngoja kijana wao wa zamani.

Mwambie baba si jeuri. Mwenye jeuri anajua analotakiwa kufanya, akalipuuza. Mdogo wako hakulijua. Saikosisi, yaani hali hii ya akili kupotewa na uhalisia iliyompata, haileti sauti na shuku tu. Inadhoofisha pia uwezo wa kumsoma mtu: uso wake unasema nini, maneno yake yanakusudia nini, yeye anajua lipi na halijui lipi. Upungufu huo huonekana mapema, wengine hata kabla hawajasikia sauti yoyote. Nyuso za hofu na hasira ndizo zinazowapotea zaidi, na uso usio na neno lolote wanaweza kuuona una chuki.

Mwaka 1995 Rhiannon Corcoran na wenzake, Uingereza, walitumia kipimo cha visa vifupi: mtu katika kisa anadokeza jambo bila kulisema, halafu mgonjwa anaulizwa yule alikuwa anataka nini. Wenye skizofrenia, maradhi ya akili yanayoleta saikosisi, walikosea kuliko wengine. Sasa mlete kijana huyo kwetu, ambako mgeni aliyekaa sana haambiwi aondoke, huulizwa tu kama boti ya leo haijamwacha, na wifi akikasirika hasemi, anavaa kanga. Hapa mtihani ule ni wa kutwa nzima.

Dawa msiombe ziongezwe kwa ajili ya sahani ya jirani. Zinazima sauti na kupunguza shuku, lakini kumsoma mtu hazimfundishi. Zikizidi, haloperidol hasa, uso hukakamaa na mikono hutetemeka, kisha watu watasema kijana hata kucheka hataki. Mkiyaona hayo, mwambieni daktari. Kuzikatisha wenyewe msithubutu.

Linalosaidia ni kumwambia wazi. Mpe kanuni anayoweza kuishika: akikaribishwa chakula njiani, ajibu "ahsante, nimeshakula" na apite, akishikwa mkono na kuvutwa, akae. Kwa mama mdogo nenda naye wewe, mkiwa mmeshafanya mazoezi nyumbani ya kusema "pole, Mungu amrehemu" na kukaa kimya. Na vijembe vya humo ndani viacheni. Mkitaka uwanja ufagiliwe, mwambieni "fagia uwanja".

Kuhusu kuchekwa, usimbishie. Marekani, David Penn na wenzake wa Chuo Kikuu cha North Carolina walitunga mafunzo ya vikundi ambamo watu hujifunza kutenga walichokiona na walichokidhania. Hilo hata jikoni linafanyika. Umeona nini? Wamecheka. Walikutazama? Hapana. Basi nini kingine kingewachekesha? Mwache ajibu mwenyewe, hata akichelewa. Jioni tazameni tamthilia mkiwa mmezima sauti, mkisie yule mama kakasirika au kaogopa, kisha muifungue msikie. Mazoezi ya namna hii husaidia, hasa katika kusoma nyuso, ingawa yanataka miezi na subira.

Barazani aende. Akifungiwa ndani atawasoma wapi watu? Ila aanze na mwenzake mmoja na bao au karata, mchezo wenye kanuni zake, kabla ya kurudi kwenye makelele ya utani. Akiridhia yeye mwenyewe (maradhi ni siri yake, si yako wala ya baba), mwombeni huyo rafiki amnong'oneze, "tunacheka mpira, si wewe." Baba naye apunguze ukali, maana George Brown na wenzake walionyesha London mwaka 1972 kwamba mgonjwa anayerudi kwenye nyumba ya lawama huugua tena kwa urahisi zaidi.

Jambo moja mlichunge. Kudhani marafiki wa barazani wanamcheka ni kitu kimoja. Lakini akianza kusema redio inamsema, akakosa usingizi usiku baada ya usiku, au akakikataa tena chakula cha nyumbani, hayo ni maradhi yanarudi. Hapo msingoje tarehe ya kliniki, na safari hii msianzie kwa mganga.