Uzi kwanza, shanga baadaye

Mwanangu,

Ujumbe wako nimeusoma nikitoka Mbuyuni kununua ndizi. Unauliza umpelekee nini mtoto wa kaka yako anayetimiza miaka 14: lile boksi la shanga la elfu arobaini au rangi za kuchorea. Ngoja nami nikuulize, humo ndani ya boksi kuna uzi gani?

Binti wa umri ule hatungi bangili ili aiweke. Anaivaa kanisani, wenzake waione. Ikikatika mbele yao mara moja tu, boksi zima linaishia uvunguni. Ndiyo maana siku zote nasema uzi kwanza, shanga baadaye.

Ile Krismasi ya Kibosho hujaisahau. Mkufu uliomtungia bibi yako ulitungwa kwa uzi wa cherehani, na uzi huo nilikupa mimi, nikakwambia ukiukunja mara mbili unatosha. Bibi akainama kupakua mtori, shanga zikamiminika sufuriani. Watu walicheka. Yeye alikula hivyo hivyo, akizitoa mdomoni moja moja na kuzifunga kwenye pindo la khanga, asiseme neno. Wewe hukushika tena sindano ya shanga. Na fundo lako lilikuwa zima! Kilichokata ni kingo za matundu: shanga ya kioo iliyokatwa vibaya ni msumeno, shingo ikigeuka nayo inakereza pamba.

Basi mtafutie nailoni ya kutungia shanga, ile iliyosokotwa. Mshipi wa kuvulia samaki mwachie mvuvi. Unakakamaa, na ukikunjika mara moja kunjo halitoki. Akate mita moja moja, maana uzi mrefu kuliko hapo unajisokota wenyewe na kuleta mafundo. Kabla ya kutunga aupitishe kwenye nta ya nyuki mara mbili, usichanguke. Sindano ziwe za shanga, namba 10, na ziwe nne au tano kwa sababu zinapinda. Mwambie kabisa kwamba kupinda si kosa lake.

Shanga zenyewe, namba ikipanda ndivyo zinavyopungua ukubwa. Namba 11 ina upana wa kama milimita 2, namba 8 kama milimita 3. Anayeanza apewe namba 8. Bangili ya mstari mmoja ya sentimita 16 inakula kama shanga 65, na gramu 50 zina karibu 2,000, kwa hiyo rangi nne zinamtosha sana kuliko vijichumba ishirini na nne vya boksi vyenye punje chache. Kabla hujalipa, omba tano, zifunge kwenye kitambaa cheupe chenye maji ya chumvi, zilale humo. Kitambaa kikishika rangi, jasho nalo litaitoa, tena kwenye kola ya blauzi.

Akitaka bangili za lastiki, auvute uzi mara kadhaa kabla ya kutunga, la sivyo bangili italegea ndani ya wiki. Fundo alizungushe mara mbili kabla ya kukaza, alifiche ndani ya tundu. Asitie gundi ile ya kukauka papo hapo: inaufanya uzi kuwa mkavu, unakatika pale pale kwenye fundo.

Sasa najisuta. Huenda nampangia huyu kama nilivyokupangia wewe. Kaka yako anasema madaftari yake yamejaa nyuso za watu hadi kwenye majalada. Mchoraji wa nini kumbebesha shanga? Lakini hata rangi za maji zina uzi wake, nao ni karatasi. Ile ya kawaida ya gramu 80 kwa mita ya mraba inajikunja ikilowa, mtoto anadhani hajui kuchora. Ya gramu 300 inavumilia maji. Karatasi ishirini nzuri na rangi sita, kuliko rangi thelathini na sita na daftari la shule.

Sikuchagulii. Shangazi ni wewe, na hela ni zako. Ila ukilinunua lile boksi, lipitishie kwangu kabla hajaliona, niutoe huo uzi wao.

Mama yako