Banda la kuku 30 pembeni mwa bahari: niliyojifunza Mikindani

Mkuu, umeuliza kuku 30 wa kienyeji wanahitaji banda la ukubwa gani nyuma ya nyumba hapo Lindi mjini, na kama udongo na makuti vinatosha ili gharama ipungue. Nafuga hapa Mikindani, Mtwara, mwaka wa tisa sasa, na banda nililonalo ni la tatu. Yale mawili ya kwanza ndiyo yananifanya nikujibu kwa kirefu.

Ukubwa ni hesabu fupi: kuku wakubwa watano kwa mita moja ya mraba, ikiwa mchana wanatoka. Mita 3 kwa 2 zinakutosha. Kila kuku anataka kama sentimita 20 za kulalia juu ya kichanja, kwa hiyo miti miwili ya mita 3, minene kama mpini wa jembe, inawabeba wote. Viota sita, vikae kona yenye giza na viwe chini kuliko vichanja, la sivyo watalala humo na mayai yatachafuka.

Udongo wenyewe hauna ubaya. Kosa langu lilikuwa kuziba. Banda la kwanza lilikuwa la miti na udongo, makuti juu, na kidirisha kimoja cha ukubwa wa sahani, kwa sababu niliogopa baridi ya Juni na Julai kusi linapovuma usiku kucha. Kuku wakashikwa na mafua: chafya, macho kuvimba, kukoroma. Nikanunua dawa, wakapona, wakaugua tena. Afisa mifugo alipokuja aliniambia niiname mlangoni alfajiri kabla sijawafungulia, kichwa usawa wa kuku. Macho yaliniwasha palepale. Hiyo ni hewa ya kinyesi kilicholowa, na wao walikuwa wanaivuta tangu magharibi hadi asubuhi. Kuku mkubwa anavumilia baridi kavu vizuri sana. Unyevu na hewa iliyofungwa ndivyo vinavyommaliza. Jaribio hilo la kuinama nalifanya mpaka leo, na nakuomba ulifanye kabla hujatoa hela ya dawa.

Basi banda la pili nikaliacha wazi kati ya ukuta na paa, nikaweka ule wavu mwepesi wa kuku wenye matundu ya pembe sita. Hewa ilikuwa safi kabisa. Lakini hapa chumvi ya bahari inakula waya. Baada ya misimu miwili ya mvua wavu ulikuwa unavunjika kwa vidole, nami sikuwa nimeukagua. Kicheche akaingia usiku mmoja, nikapoteza kuku 11. Wengi hawakuliwa, waliumwa shingoni wakaachwa hapo. Iliniuma sana, maana walikuwa mitetea niliowakuza tangu vifaranga.

Banda la tatu nililianza kwa kufikiria usiku: kipi kinaingia, hewa inatoka wapi. Kozi tatu za tofali chini, kama sentimita 60, halafu juu yake wavu mgumu wa kuchomelea wenye tundu la nusu inchi, pande zote mbili ndefu, hadi kwenye paa. Wavu huo ni ghali, usijidanganye. Punguza kwingine, hapo usipunguze. Sakafu niliipiga zege nyembamba yenye mteremko kuelekea mlangoni, kwa kuwa mchanga wetu unachimbika kirahisi, na nguchiro huchimba. Juu ya zege natandaza maranda au pumba za mpunga unene wa vidole vinne; yakilowa pembeni mwa chombo cha maji nayatoa siku hiyohiyo.

Upande mrefu ulale kutoka mashariki hadi magharibi, ili jua la asubuhi na la jioni lipige ubavu mfupi. Kumbuka huku kwetu kusini jua la Juni linapita upande wa kaskazini, kwa hiyo upenu wa upande huo mrefu wa kaskazini uongeze. Msimu wa mvua nashusha mapazia ya viroba upande unaopigwa, kisha napandisha mvua ikikatika. Viroba viwe vya unga au sukari. Mifuko ya salfa, ile dawa ya unga ya kupulizia mikorosho, usiitumie, na salfa yenyewe usiihifadhi bandani.

Makuti yana ubaridi mzuri, siyakatai, ila utitiri na panya hujificha humo, na nyoka humfuata panya. Mimi niliweka bati, nikaliinua: mita 2.4 mbele na 1.9 nyuma, chini ya kivuli cha mwembe. Likiwa chini, kuku watahema midomo wazi mchana wote. Kenchi zifunge kwa waya hadi kwenye nguzo. Aprili 2019, kimbunga Kenneth kilipotutishia kabla hakijaingia Cabo Delgado, Msumbiji, nilihangaika na kamba gizani, na tangu hapo sitegemei misumari peke yake.

Nguzo zisimame juu ya msingi, zisiguse udongo, mchwa hawana huruma. Utaambiwa boriti za mikoko zinadumu. Zinadumu kweli, lakini kukata mikoko bila kibali ni kosa.

Vichanja usivipigilie, viweke vya kuchomoa. Kila baada ya wiki kadhaa vitoe, mulika nyufa usiku kwa tochi utafute utitiri, paka chokaa. Usiku huohuo ndio mzuri wa chanjo ya mdondo (kideri, au Newcastle), ile iitwayo I-2, tone moja jichoni kila miezi mitatu, kwa sababu kuku aliyelala hakimbii. Banda zuri halizuii mdondo, chanjo ndiyo inazuia.

Hela ikiisha kabla ya uzio wa nje, acha uzio. Maliza wavu, paa na mlango wenye komeo mbili, waachie mchana chini ya mikorosho, na uzio uusubiri msimu wa korosho ukilipa.