Nyufa za maungio ya jipsamu
Dada, nyufa zilizonyooka kwenye maungio ya dari la jipsamu hapo kwako Raskazone usizizibe kwa puti tupu, zitarudi. Kwanza hakikisha bati halivuji. Kisha sukuma bodi kwa kiganja. Ikicheza, ongeza skrubu pande zote mbili za ufa, zikamate fremu, vichwa vizame kidogo bila kuchana karatasi. Bandua tepu iliyoachia, jaza puti, laza tepu ya karatasi puti ikiwa bado mbichi, uikamue kwa skrepa mpaka mapovu yote yatoke. Hapo mafundi wengi huharakisha, na ndipo kazi inapoharibikia! Ongeza matabaka mawili ya puti, kila moja pana kuliko lililotangulia. Masika puti hukawia kukauka, kwa hiyo subiri ikauke kabisa kabla ya msasa na rangi.