Usilipe advansi kabla hujasoma kiambatisho cha cheti cha sefti gia ya lifti

Mkuu, simama hapo hapo. Dalali amekupa "cheti cha CE (alama ya usalama ya Ulaya) cha lifti nzima" inayoning'inia kwa mikanda badala ya kamba, kilo 630, isiyo na chumba cha mashine. Wewe unataka kabini ya vioo na sakafu ya granaiti, ghorofa 6 Sinza, halafu unauliza bili ya LUKU? Kosa hilo la kupamba bila kupima uzito nimeshalilipia, tena kwa dola.

Lifti nzima haina cheti ikiwa bado kwenye kreti. Hata Ulaya kwenyewe, kwa sheria yao 2014/33/EU, lifti inawekwa CE ikishafungwa kwenye jengo na kukaguliwa. Vinavyotoka kiwandani na vyeti ni vifaa vya usalama: kufuli za milango, gavana (inayohisi kasi ikizidi), bafa (mto wa chini wa kupokea kabini), sefti gia. CE ya vifaa hivyo inafuatwa na namba ya tarakimu 4 ya taasisi iliyokagua. Stika tupu ni ya mota au paneli. Hata pasi ya nguo inayo.

Sasa penye maumivu. Sefti gia, zile breki zinazobana reli kabini ikikimbia kupita kiasi, ina cheti cha uzito maalumu: P (kabini tupu) jumlisha Q (mzigo). Tuseme P ni kilo 700, jumla na mzigo wa 630 ni 1,330. Granaiti ya sentimita 2 ni kama kilo 54 kwa mita ya mraba. Sakafu ya mita 1.1 kwa 1.4 inakula kilo 83. Kioo cha milimita 10 ni kilo 25 kwa mita ya mraba; kuta tatu zenye kimo cha mita 2.2 zinafika 214. Toa bati la zamani, kama 100. Umeongeza karibu kilo 200, uko 1,530, na cheti ulichonacho si cha lifti hiyo tena. Nguvu ya kubana ni ile ile, uzito umepanda, kabini inateleza mbali kuliko ilivyopimwa.

Fundi atakwambia "tunaongeza kauntaweti tu", yaani ule uzito wa upande wa pili unaosawazisha kabini na nusu ya mzigo. Muongo! Asipoongeza, ulinganifu wa nusu mzigo unashuka hadi asilimia 18 hivi, inverta (kifaa kinachoendesha mota) inaweza kuzima kabini ikijaa. Akiongeza, bafa, reli na mikanda vyote vinarudi kwenye hesabu. Wallahi yule aliyeniambia "marumaru ni urembo tu" nikikutana naye Kariakoo atanibebea vile vipande mgongoni.

Na mikanda: EN 81-20, kiwango cha Ulaya cha lifti, inataka kamba isiyopungua milimita 8 na puli (gurudumu inapopita kamba) mara 40 ya kipenyo chake, yaani 320. Puli ya mkanda ni ndogo mno, kwa hiyo dai cheti cha mkanda huo na puli hiyo, pamoja na kifaa kinachofuatilia nyaya za ndani, maana kwa macho huzioni zikikatika.

Kwa hiyo mapambo kwanza, yapimwe kwa kilo, ndipo uagize sefti gia. Mkaguzi wa OSHA, wakala wa usalama mahali pa kazi, akija, umwoneshe kibati cha sefti gia na hesabu vinavyofanana.

Piga picha ya kibati cha sefti gia uweke hapa, namba za P+Q zisomeke.