Wanajeshi wa kigeni wakija na kambi ya matibabu, kaeni nao mezani mapema

Nimefanya kazi ya uuguzi na ukalimani kwenye kambi za matibabu zinazoendeshwa sambamba na mazoezi ya pamoja ya kijeshi. Watu hutibiwa kweli, na ninaziunga mkono. Ila faida yake hudumu au hupotea kutokana na mambo yanayoamuliwa kabla hema la kwanza halijasimamishwa, na hapo ndipo wenyeji wengi hukosekana.

Kwanza elewa mgeni anakuja kufanya nini. Sheria ya Marekani inayoruhusu misaada ya aina hii inataka kazi hiyo iwaongezee ujuzi askari wanaoifanya, na isirudie msaada ambao idara nyingine ya Marekani tayari inaipa nchi hiyo. Kwa hiyo daktari wa meno aliye hemani yuko mafunzoni pia. Sioni ubaya. Pacific Partnership, zoezi la misaada linaloongozwa na jeshi la majini la Marekani katika nchi za Pasifiki, lilianza 2006, baada ya tsunami ya Desemba 2004 kuonyesha thamani ya majeshi na madaktari kufahamiana kabla ya maafa. China nayo hutuma meli yake ya hospitali, Peace Ark, ambayo 2010 ilifika Kenya na Tanzania. Ukishajua kwamba mgeni naye ana anachokitafuta, hutaona haya kutaja unachokihitaji wewe.

Mazoezi haya hupangwa kwa vikao vya miezi mingi. Mkuu wa zahanati awe kwenye vikao hivyo, si maofisa wa jeshi peke yao, na aende na orodha ya taifa ya dawa muhimu mkononi.

Nasema hivyo kwa sababu ya mzee mmoja aliyekuja kambini presha ikiwa juu sana. Alipewa vidonge vya mwezi mzima, akashukuru sana. Vilipokwisha akaja zahanati na pakiti tupu. Dawa ile hatukuwa nayo wala hatukuwa na pa kuiagiza, na vipimo vyake vilikuwa kwenye fomu zilizoondoka na kikosi. Ikabidi aanze upya, na katikati hapo alikaa siku kadhaa bila dawa yoyote. Kumbe nakala moja tu ya fomu ingebaki, na dawa ingechaguliwa kutoka orodha yetu, angeendelea na matibabu kama kawaida.

Upasuaji ndio unaonitia wasiwasi zaidi. Aliyetolewa mtoto wa jicho anahitaji matone kwa wiki kadhaa, na mtu wa kulikagua jicho lake. Kama mtu huyo hajapatikana, mgonjwa asilazwe mezani, hata kama daktari mgeni ni bingwa na muda wake ni mfupi.

Kuhusu wakalimani, tafuteni raia, na wanawake wawemo. Nimemwona mama akimwambia askari mkalimani kwamba anaumwa kichwa, kisha nilipomsogeza pembeni akanieleza kwamba anatokwa damu tangu ajifungue.

Yote haya ni ya wakati wa amani. Maafa yakitokea, Miongozo ya Oslo ya Umoja wa Mataifa inasema jeshi la kigeni litumike pale tu ambapo hakuna njia ya kiraia inayoweza kufanya kazi hiyo kwa wakati. Tena ni afadhali libebe mizigo na kutengeneza barabara, na kazi ya kuwagawia watu msaada waachiwe raia. Penye vita hilo nalisisitiza zaidi, maana mgonjwa anayeonekana akitoka kwenye hema la jeshi anaweza kuhesabiwa kuwa wa upande fulani, na askari wakishaondoka yeye anabaki na majirani zake. Katika maeneo hayo waombeni wanajeshi wazifikishe dawa kwenye bohari, halafu wahudumu wa kiraia wazipeleke zahanati kwa gari lisilo la jeshi.