Umeijenga wewe, lakini nani airushe mara ya kwanza?

Wiki hii nimepata ujumbe wa ndugu mmoja Mtanzania anayeishi Houston. Amemaliza RV-9A, ndege ndogo ya kujijengea, aliyoiunganisha gereji kwake kwa miaka saba, imeshakaguliwa, na anauliza: "Leseni ninayo, nimeijenga mwenyewe. Kwa nini nimpe mtu mwingine?"

Ndugu yangu, sheria ya Marekani haikuzuii. FAA, mamlaka ya usafiri wa anga ya huko, kwa kawaida inataka ndege ya kujijengea ipitie saa 25 za majaribio ikiwa injini na pangaboi ni jozi iliyoidhinishwa, au 40 ikiwa siyo, mbali na makazi ya watu. Nani akae kitini siku ya kwanza, uamuzi ni wako.

Fikiria lakini. Miaka saba ya kugonga riveti ni miaka saba ya kuruka kwa nadra, maana pesa ya mafuta iligeuka bati la alumini. Mwongozo wa FAA wa majaribio, AC 90-89, unashauri walau saa 100 za kuruka peke yako kabla ya kujaribu ndege uliyoijenga, na 200 ikiwa ni ya aina ya pekee au yenye nguvu nyingi. Kwa ndege yenye gurudumu la mkia unataka miruko na mituo 50 ya karibuni. Mimi nasema hata hizo hazitoshi kama hukuruka aina hiyohiyo ya ndege, na mwalimu, ndani ya wiki chache zilizopita. Kapteni wa Airbus mwenye saa 15,000 hakuzidi kwa hilo. Mikono yake imezoea chombo kizito, kinachochelewa kuitika.

Sababu kubwa zaidi iko moyoni. Injini mpya inazima futi 300 juu. Mbele kuna shamba, nyuma kuna uwanja. Asiye na uchungu na ndege anashusha pua, anatua shambani, magurudumu yanavunjika, anatoka akichechemea. Mjenzi anaiona miaka saba inakwenda kuvunjika, anageuza kurudi uwanjani. Ndege inalala upande, mwendo unapungua, bawa la ndani linaacha kubeba, na kwa kimo hicho hakuna nafasi ya kuinyoosha tena. Kwa hiyo kigezo changu cha kwanza ni hiki: arushe yule aliye tayari kuivunja ili apone. Ukijiuliza usiku, ukiwa peke yako, utajua kama ni wewe.

Kumpa mwingine hakukuondolei kazi. Mtiririko wa mafuta upime mwenyewe. NTSB, bodi ya Marekani inayochunguza ajali za ndege, katika utafiti wake wa 2012 kuhusu ndege hizi, ilikuta injini kuzima na rubani kupoteza udhibiti ndiyo mambo yanayoongoza katika ajali. Inua pua ya ndege nyuzi 5 zaidi ya mwinuko mkali kabisa itakaopandia, acha mafuta kidogo tangini, fungua bomba pale linapoingia kwenye kabureta, lielekeze kwenye chombo chenye vipimo, washa pampu, hesabu dakika moja. Mfumo wa pampu utoe asilimia 125 ya mafuta yanayonywewa injini ikiwa kwa nguvu zote za kupaa, na wa mafuta kuteremka yenyewe bila pampu utoe 150. Kama kwa nguvu hizo injini inakunywa lita 55 kwa saa, pampu ikupe karibu lita 1.15 kwa dakika. Fanya hivyo kwa kila tangi na kila pampu, kizima moto kikiwa mkononi mwa mwenzako. Ikipungua, tazama tundu la hewa la tangi, kona kali za bomba, na mabaki ya gundi kwenye chujio.

Halafu eleroni, vile vibawa vya nyuma ya bawa vinavyoilaza ndege kushoto au kulia. Shika fimbo, gumba limesimama, isukume kushoto. Gumba linaelekea bawa ambalo eleroni yake lazima iwe imeinuka. Mjenzi aliyefunga nyaya kinyume huangalia kama eleroni "zinacheza", akaridhika, asiangalie zinacheza upande gani.

Mgeni naye ana hatari yake. Oktoba 1997 mwanamuziki John Denver, rubani mzoefu, alianguka Monterey Bay, California, na Long-EZ, ndege ndogo ya kujijengea, iliyojengwa na mtu mwingine. Swichi ya kuchagua tangi ilikuwa nyuma ya bega lake la kushoto, siyo pale michoro ilipoiweka. NTSB ilihitimisha kwamba alipojipinda kuifikia alikanyaga pedali ya kulia bila kukusudia. Basi rubani wako akae kitini ndege ikiwa imezimwa, mfunge kitambaa machoni, mtajie swichi moja moja, naye aiguse bila kupapasa. Mpime pia uzito na upige upya hesabu ya mizani. Wewe una kilo 95, yeye 68, na katika ndege ya viti vya mbele na nyuma tofauti hiyo inahamisha kitovu cha uzito kweli.

Tangu 2014 kuna njia ya kati. Kwa masharti ya FAA, rubani wa pili mwenye sifa anaweza kupanda pamoja na mjenzi. EAA, chama cha wajenzi wa ndege, pia ina washauri wa kujitolea wa masuala ya kuruka, hawatozi kitu. Watafute kabla hujaweka tarehe.

Siku yenyewe usialike ukoo. Watu wakishakusanyika na kamera, kuahirisha kunakuwa aibu, na upepo hauoni aibu. Alfajiri tulivu, ranwei ndefu, mtu mmoja kitini, au wawili kama mmefuata ile njia ya kati. Apande akizunguka juu ya uwanja, asicheze na mwendo mdogo hadi awe juu vya kutosha. Huko atafute stoli, yaani pale mwendo unapopungua hadi mabawa yanaacha kubeba, na asome kipima mwendo kinaonyesha ngapi, hata kama kinadanganya, kisha aje kutua kwa mara 1.3 ya namba hiyo. Wewe kaa chini na redio, kizima moto na kikata mkanda, na usimsemeshe mpaka akusemeshe.