Unayesafiri na timu ya raga kwa mara ya kwanza, anza na mechi ya tatu

Mdogo wangu, hongera kwa kuitwa. Kusafiri na timu ya taifa ya raga ukiwa msaidizi wa meneja ni heshima kubwa, na ni kazi ambayo hutaisomea chuoni. Mimi niliijulia kwenye kubeba mabegi, kwanza ya klabu, baadaye ya kikosi cha wachezaji 15. Nakuandikia yale ambayo ningefurahi kuambiwa kabla sijakaa uwanja wa ndege na pasipoti za watu thelathini kifuani.

Ziara za kwetu huwa fupi: wiki mbili, mechi tatu, basi. Chukua ile ya Dubai ya Novemba 2022. Simbas wa Kenya walikwenda kutafuta nafasi ya mwisho ya Kombe la Dunia la 2023, katika mchujo wa timu nne. Tarehe 6 Marekani wakawalima 68-14. Tarehe 12 Ureno wakawanyuka 85-0. Tarehe 18 wakashuka tena uwanjani dhidi ya Hong Kong na kushindwa 22-18. Sikuwa kwenye msafara ule, nilitazama kama shabiki mwingine yeyote. Watu wakiitaja Dubai hukumbuka zile 85. Mimi hukumbuka zile nne. Vijana waliofungwa 85 bila jibu, siku sita baadaye walikuwa trai moja tu (bao la pointi tano) nyuma ya ushindi, na tayari nafasi ya kufuzu ilikuwa imeshawapita.

Sasa weka hiyo kando ya Marseille, Novemba 2018, mchujo wa aina ileile wa kwenda Kombe la Dunia la 2019 Japani. Canada 65, Kenya 19. Hong Kong 42, Kenya 17. Ujerumani 43, Kenya 6. Huko mechi ya tatu ndiyo iliyotupa pointi chache kuliko zote. Sitaki kujifanya najua kilichotokea ndani ya kambi zile mbili, na wapinzani hawakuwa wamoja. Ila tangu nilipoyaweka matokeo hayo kwenye karatasi moja, kila ziara naipanga kuanzia mwisho. Najiuliza: siku ya mechi ya tatu, nani atakuwa mzima, nani atakuwa amelala vizuri, nani atakuwa bado ana hamu? Kisha narudi nyuma hadi siku ya kuomba viza.

Viza, basi. Ubalozi hauendi kwa ratiba ya kocha. Kwa nchi za Ulaya za viza ya Schengen, kama Ufaransa, ombi hupokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari, na lisikaribie safari chini ya siku 15. Uamuzi wenyewe kwa kawaida huchukua hizo siku 15. Kocha naye atataka kutaja kikosi wiki ya mwisho, baada ya kuona mechi za ligi. Usibishane naye. Omba viza za wachezaji arubaini hata kama watakaosafiri ni 28. Alama za vidole hutunzwa kwa miezi 59, kwa hiyo uliza mapema nani alishawahi kuzitoa, umpunguzie foleni. Kagua pasipoti zote wewe mwenyewe, kwa mkono wako, na usikubali jibu la "yangu iko sawa." Safari moja tulimwita loki, yule mrefu wa safu ya pili, wa kujaza pengo la majeruhi, tukagundua pasipoti yake imebakiza wiki chache. Alibaki nyumbani, tukaenda na loki watatu, na yule wa tatu alicheza dakika zote za mechi zote huku bega limefungwa plasta kama zawadi. Hilo ni kosa langu na hadi leo nikikutana naye namwomba radhi.

Ikiwa mnaelekea Afrika Kusini, kadi ya manjano ya homa ya manjano nayo ni pasipoti. Chanjo huanza kuhesabika siku ya kumi baada ya kuchomwa, hivyo mchezaji anayechanjwa Jumatatu ya wiki ya safari amechelewa.

Halafu mkoba wa daktari. Huu wageni wa kazi huuacha kwa daktari peke yake, na hapo ndipo wanapokosea. Umoja wa Falme za Kiarabu hudhibiti vikali dawa kadhaa za maumivu, zikiwemo zenye kodeini na tramadoli, na kibali huombwa kabla ya kusafiri. Tramadoli hiyohiyo imepigwa marufuku michezoni siku za mashindano na Shirika la Kupambana na Dawa za Kusisimua Misuli Duniani tangu Januari 1, 2024. Mchezaji mwenye pumu au mwenye dawa ya kila siku anahitaji karatasi zake ziwe zimekubaliwa kabla. Keti na daktari, andikeni kila dawa iliyomo, kisha pita chumba hadi chumba ukiuliza kwa upole nani ana poda, vidonge au dawa ya mafua aliyonunulia duka la mtaani. Waambie hujaja kuwapekua, umekuja kuwalinda. Watakuonyesha.

Sasa hesabu ambayo ningependa uikariri. Siku ya mechi una wachezaji 23. Kati yao, sita lazima wawe na uwezo wa kucheza safu ya mbele ya skramu, pale mafowadi wa timu mbili wanapofungamana na kusukumana: propu wanne wa pembeni na huka wawili wa katikati. Wakikosekana, skramu inaweza kuwa ya kutosukumana, na timu iliyosababisha huweza kujikuta na mtu pungufu. Ukisafiri na saba, mmoja akateguka mazoezini na mwingine akapata mtikiso wa ubongo, umebaki na watano huku mechi ingali siku tatu. Na mtikiso hauna mjadala. Kwa taratibu zilizoanza Julai 2022, mchezaji wa ngazi ya juu aliyethibitika kupata mtikiso harudi uwanjani kabla ya siku ya saba, na walio wengi hukaa nje siku 12. Angalia tena tarehe za Dubai: 6, 12, 18. Siku sita, siku sita. Anayegongwa kichwa mechi ya kwanza amekwisha ikosa ya pili, na huenda akarudi ya tatu kwa kubahatisha. Kwa hiyo kocha akikuuliza kama tiketi ya mtu wa nane wa safu ya mbele ni anasa, mfungulie kalenda.

Usikubali kamwe, hata nahodha akikusihi, kunyamazia kijana anayelalamika kichwa. Mwambie daktari saa hiyohiyo. Hapo hakuna uzalendo.

Kuhusu mwili na mahali: Nairobi iko juu ya mita 1,600 kutoka usawa wa bahari, Marseille na Dubai ziko pwani. Mpira unaopigwa uwanja wa RFUEA pale Barabara ya Ngong huruka mbali kuliko utakavyoruka huko, kwa sababu hewa ya pwani ni nzito zaidi. Mpigaji wenu akizoea kufunga penalti ya mita 45 nyumbani, huko mpira utaanguka mbele ya mwamba. Siku ya kwanza tu mkifika, kabla hata ya mazoezi ya timu, mtafutie uwanja, mipira ya mashindano yenyewe na mtu wa kumrudishia mipira. Huyo mtu utakuwa wewe. Marseille ya Novemba ina upepo wa mistral ushukao kutoka kaskazini kwa nguvu. Dubai ya Novemba mchana bado inagusa nyuzi 30. Kwenye joto, pima uzito kabla na baada ya mazoezi. Propu wa kilo 110 akipungua zaidi ya kilo mbili na robo, amepoteza zaidi ya asilimia mbili ya mwili wake kwa jasho na nguvu zinaanza kumtoka. Andika namba, mpe maji na chumvi, mpime tena asubuhi. Kazi hii inachosha, lakini hakuna daftari lililonisaidia kuliko lile la uzito.

Rangi za jezi wengi huzisahau. Canada ni nyekundu, Ureno ni nyekundu, Hong Kong nyekundu, na sisi nyekundu imo kwenye bendera. Beba seti mbili kamili. Njumu za chuma zisizidi milimita 21, maana mwamuzi atazikagua kabla ya mechi. Beba za ziada, na koleo la kuzikazia.

Kisha ufuaji. Naomba unisamehe nikikaa hapa, kwa sababu nguo chafu zimenikosesha usingizi kuliko wapinzani. Wachezaji thelathini, mazoezi mara mbili kwa siku, soksi, kaptura, fulana: ukizipeleka kwa dobi wa hoteli utalipishwa kwa kila kipande, na bajeti yako itaisha siku ya nne. Kabla hujatua, tafuta kwenye ramani duka la mashine za kufulia lililo karibu na hoteli. Kila chumba kipewe mfuko wa wavu wenye namba. Nguo huingia ndani ya mfuko na kufuliwa ndani ya mfuko, wala hutapoteza hata soksi. Nenda alfajiri, mashine zikiwa tupu. Nilikaa kwenye maduka hayo saa nyingi, na humo ndimo nilimopangia siku nzima. Ukiwa Marseille usishangae ukisikia nyuma yako watu wakizungumza lugha inayokaribia kueleweka: jiji hilo lina jamii kubwa sana ya Wakomoro, na lugha yao ni ndugu wa damu na Kiswahili. Salimia. Mtu aliye mbali na kwao hufurahi, nawe utaonyeshwa wapi pa kupata mchele kwa bei nafuu.

Chakula: peleka orodha hotelini wiki mbili kabla, ukitaja kiasi na saa, wala usiandike tu "chakula cha wanamichezo." Ufaransa migahawa mingi hufunga jiko baada ya mlo wa mchana hadi jioni. Basi likichelewa kutoka mazoezini, utakuwa na wanaume wenye njaa saa kumi na mlango umefungwa. Kubaliana mapema kuhusu wali, mayai na ndizi za kuwekwa kando. Wachezaji Waislamu wahakikishiwe nyama halali bila wao kulazimika kuuliza kila siku. Unga wa ugali beba, kilo chache, wa kupikwa mara moja tu, usiku ambao utauhitaji.

Usiku huo ni ule wa kufungwa vibaya. Timu niliyokuwa nayo iliwahi kulambishwa sakafu ugenini, zaidi ya pointi hamsini, na mimi mgeni wa kazi nikadhani wajibu wangu ni kuwaita wote kwenye ukumbi waongee. Ilikuwa saa nne usiku. Mabeki wakawalaumu mafowadi, mafowadi wakakumbusha posho ambayo haijalipwa, na kijana mdogo kuliko wote akalia mbele ya watu. Siku mbili zilizofuata hawakuwa timu. Nilijifunza hivi: baada ya kipigo, kwanza barafu, pili chakula, tatu kulala. Kikao ni kesho, tena baada ya kifungua kinywa. Posho ilipwe kabla ya kuondoka nyumbani. Kama haijafika, waambiwe ukweli wakiwa bado nyumbani, kwa maandishi na tarehe. Deni la posho hukaa kimya timu ikishinda na huamka timu ikifungwa.

Na simu zao. Huwezi kuzichukua, ni watu wazima. Mimi huwaomba wapigie nyumbani kwanza, mama, mke, mtoto, kabla ya kufungua mitandao. Yule anayekaa peke yake na simu kwenye ngazi za hoteli, kaa naye. Usimwambie lolote la busara. Mpelekee sahani ya ugali.

Asubuhi yake toa ratiba mpya iliyochapishwa, ya siku hadi siku mpaka mechi ya tatu, ibandikwe mlangoni mwa chumba cha chakula kabla hawajashuka. Saa ya basi, saa ya bwawa, saa ya skramu na ya lainauti (mpira wa kurushwa kutoka pembeni), nani anapumzika. Wachezaji husimama pale wakiisoma na vikombe mkononi, na ndipo huanza kuulizana habari za mpinzani anayefuata.

Mkirudi, usifikiri kazi imeisha uwanja wa ndege wa JKIA, Nairobi. Bima nyingi za safari hukoma siku mnapotua, na magoti yana tabia ya kuvimba kwenye ndege. Usiku wa mwisho hotelini, kila mchezaji apite kwa daktari, hata anayesema hana neno, na kila maumivu yaandikwe kwenye fomu ya bima na kutiwa sahihi kabla mabegi hayajashushwa. Nakala moja mpe mchezaji mwenyewe. Ya pili ikae na wewe, kwa kuwa wiki tatu baadaye atakupigia simu akiwa kwao, goti limekataa kukunja, na hospitali itataka kuiona.